Kabla ya Kipimo cha DNA, Uliza Babu Alifariki na Miaka Mingapi

Katika familia nyingi za Kilimanjaro na Arusha, mtu wa miaka 45 akianguka ghafla na kufariki, maelezo hutoka mapema kuliko cheti cha kifo. Wapo watakaosema presha ilipanda. Wapo watakaonong'ona kwamba alilishwa kitu. Mzee mmoja atakumbusha kwamba baba wa marehemu naye aliondoka hivyo hivyo, kisha mazungumzo yatahamia kwenye jeneza, usafiri na siku ya maziko. Kauli ya yule mzee ndiyo yenye uzito mkubwa wa kitabibu kuliko yote yaliyosemwa msibani, na ndiyo isiyoandikwa popote.

Hatari ya mshtuko wa moyo inarithiwa, hilo halina ubishi tena. Lakini mkazi wa Moshi au Arusha anayetaka kujua amerithi nini hahitaji kwanza kutuma mate yake nje ya nchi yakasomwe vinasaba. Anahitaji umri wa ndugu zake waliokufa au kuugua moyo, na kipimo cha damu cha kolesteroli ambacho maabara ya kawaida inakiweza. Tunasema hivyo kwa sababu zilizomo ndani ya sayansi ya vinasaba yenyewe, na zinafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana habari hii watu huipata nusunusu.

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa mmojawapo unaolisha msuli wa moyo unapoziba ghafla. Kuziba huko huandaliwa kwa miaka mingi. Chembe zinazobeba kolesteroli, hasa zile ziitwazo LDL, hupenya kwenye ukuta wa mshipa na kunasa humo. Seli za kinga huzimeza na kujaa mafuta. Utando hujengeka juu yake. Siku utando huo unapopasuka, damu inaganda juu ya jeraha na njia inafungwa. Msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi.

Vinasaba vina mkono karibu katika kila hatua hiyo: namna ini linavyoondoa LDL kwenye damu, ukuta wa mshipa unavyohimili presha, damu inavyoganda, hata dawa inavyochakatwa ikishamezwa. Kundi la damu nalo limo. Wenye makundi A, B na AB wana hatari iliyo juu ya wenye kundi O kwa takriban asilimia 10, kiasi kidogo ambacho hakimnyimi mtu usingizi. Binadamu yeyote akilinganishwa na ramani ya pamoja ya DNA, yenye herufi bilioni 3 hivi, hukutwa na tofauti milioni 4 hadi 5. Nyingi kabisa hazina madhara. Baadhi husukuma hatari kidogo sana, moja moja. Na chache mno zina uzito wa kuangusha ukoo mzima.

Jeni moja nzito

Mfano ulio wazi kuliko yote wa hizo chache ni ugonjwa wa kolesteroli ya juu ya kurithi. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyoikamata LDL na kuiondoa kwenye damu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza vipokezi hivyo, iitwayo LDLR, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu, ini hubaki na karibu nusu ya vipokezi, na LDL hukaa juu, mara nyingi maradufu, tangu siku ya kuzaliwa. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein, waliofumbua utaratibu huu, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Tafiti kubwa za kimataifa zinauweka ugonjwa huu kwenye mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Kwa uwiano huo, shule yenye wanafunzi 1,000 ina watoto 3 au 4 wenye nao, na hakuna anayewajua. Miongoni mwa Makaburu wa Afrika Kusini ni wengi zaidi, karibu 1 kati ya 100, kwa sababu kizazi chao kilitokana na walowezi wachache na baadhi ya hao walikuwa wamebeba jeni hiyo. Bila matibabu, karibu nusu ya wanaume wenye ugonjwa huu hupata tatizo la mishipa ya moyo kabla ya kufika miaka 50, na wanawake karibu asilimia 30 kabla ya miaka 60. Anayezaliwa na nakala mbili mbovu ni adimu sana, 1 kati ya 300,000 hivi, lakini huyo anaweza kupata mshtuko wa moyo akiwa bado mtoto au kijana wa sekondari.

Ugonjwa huu haumwachi mtu kwa sababu ni mwembamba, au kwa sababu analima, havuti sigara na hagusi mbege. Ndiyo maana ndugu hushindwa kuamini. Dalili za nje zipo kwa baadhi tu: kano ya nyuma ya kisigino iliyonenepa na kuwa na vinundu vigumu, au duara la kijivu kuzunguka sehemu nyeusi ya jicho kabla ya miaka 45. Kwa mzee wa miaka 70 duara hilo ni la kawaida, hasa kwetu Waafrika, na halithibitishi chochote.

Maelfu ya tofauti ndogo

Upande wa pili zipo tofauti ndogondogo. Mwaka 2007, makundi ya watafiti wa Iceland, Kanada na Uingereza yalikuta kwa wakati mmoja eneo lile lile kwenye kromosomu ya 9, liitwalo 9p21. Kila nakala ya herufi yenye hatari huongeza uwezekano wa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa takriban robo, na karibu robo ya watu wa asili ya Ulaya wana nakala mbili. Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba eneo hilo halipandishi kolesteroli wala presha. Athari yake huonekana kupitia ukuta wa mshipa.

Alama zilezile zilipopimwa kwa watu wa asili ya Afrika, uhusiano ulikuwa hafifu au haukuonekana. Hapa ndipo msingi wa hoja yetu ulipo. Alama inayosomwa kwenye kipimo mara nyingi siyo yenye kuleta madhara. Ni jirani tu aliyezoea kurithiwa pamoja na mwenye madhara. Ni kama kuelekezwa nyumba kwa duka la jirani: duka likihamia mtaa mwingine, maelekezo yatakupoteza ingawa nyumba ipo palepale. Watu wa Afrika ndio wenye historia ndefu kuliko wote. Vipande vya DNA yao vimechanganywa kwa vizazi vingi zaidi, na majirani wengi wameshatengana.

Sasa yachukue maeneo kama hayo kwa mamilioni, uyajumlishe upate namba moja ya hatari. Ndicho kinachouzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa fomula yenye alama zaidi ya milioni 6, iliyoonyesha kwamba karibu asilimia 8 ya watu waliopimwa wana hatari mara tatu ya wenzao. Ni kazi nzuri, na kwa mtu wa asili ya Ulaya ina maana. Lakini hadi mwaka 2019 takriban asilimia 79 ya walioshiriki tafiti zinazozaa fomula za namna hii walikuwa wa asili ya Ulaya, na zilipotumiwa kukadiria sifa mbalimbali kwa watu wa asili ya Afrika, usahihi wake kwa wastani ulishuka hadi karibu robo ya ule wa watu wa asili ya Ulaya. Mpango wa H3Africa, ulioanzishwa mwaka 2010 kujenga utafiti wa vinasaba ndani ya bara hili, umeanza kuziba pengo, ila pengo bado ni pana. Mtu wa Sakina au Majengo akipewa majibu yanayosema hatari yake ni ya wastani, asiyachukue kama cheti cha afya. Fomula haikufundishwa kwa watu wake.

Tuongeze pia kwamba wengi wakisikia DNA hapa kwetu hufikiria kesi za kugombea mtoto. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia teknolojia ya vinasaba vya binadamu, na msimamizi wake ni Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeshawishiwa kutuma sampuli kiholela akumbuke kwamba jambo hilo lina utaratibu wake.

Afrika iliyofundisha dunia

Ingawa tafiti zimewasahau Waafrika, ugunduzi mkubwa kuliko wote wa karne hii kuhusu vinasaba na moyo umetokana na damu ya Kiafrika. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walikuta familia zenye kolesteroli ya juu kwa sababu jeni iitwayo PCSK9 ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Kazi yake ni kuharibu vile vipokezi vya ini. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakajiuliza kinyume chake: je, wapo ambao jeni hiyo haifanyi kazi? Wakawapata, na wengi walikuwa Wamarekani weusi, takriban asilimia 2.6 kati ya waliopimwa. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28. Walipofuatiliwa kwa miaka 15, ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88, wakati wengi wao walikuwa na presha, na wengine wakivuta sigara au wakiwa na kisukari. Baadaye huko Zimbabwe alipatikana mwanamke kijana mwenye nakala zote mbili zisizofanya kazi, LDL yake ikiwa chini mno, na afya yake nzuri. Dawa za sindano zinazoizuia PCSK9 ziliidhinishwa mwaka 2015. Bei yake iko mbali na mifuko ya wengi wetu, lakini somo lake ni la bure.

Somo lenyewe ni muda. Kupunguza LDL kwa milimoli 1 kwa lita (kizio cha kupimia kolesteroli) kwa kutumia vidonge, tena kwa mtu mzima aliyeanza ukubwani, hupunguza matukio makubwa ya mishipa kwa asilimia 22 hivi. Aliyezaliwa na vinasaba vinavyompa upungufu huo huo wa milimoli 1 maisha yake yote ana hatari ndogo kwa zaidi ya nusu. Kiasi ni kilekile, miaka ndiyo tofauti. Ukuta wa mshipa hujumlisha kila mwaka uliopita na LDL ya juu, kwa hiyo mtu aliyerithi kolesteroli na kugunduliwa akiwa na miaka 12 ana nafasi ambayo aliyegunduliwa na miaka 48 hana.

Hapa lazima tuwazungumzie Wamasai, maana kila mazungumzo ya nyama Arusha huishia kwao: wanakula nyama, maziwa na mafuta na hawaugui moyo. Jambo hilo lilichunguzwa kwa makini. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima Wamasai wa Tanganyika, wakakuta kolesteroli ya chini na dalili chache sana za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo na mishipa mikuu ya Wamasai 50 waliokuwa wamefariki. Kinyume na inavyosimuliwa, mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwepo, tena mengi. Kilichokuwa tofauti ni upana: mishipa ya moyo ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyokwenda, damu ikaendelea kupita. Mann aliuhusisha upana huo na kazi ya mwili, yaani kutembea na mifugo kutwa nzima. Kundi jingine, mwaka 1971, liliwaongezea Wamasai gramu 2 za kolesteroli kwa siku kwenye chakula, na kolesteroli ya damu haikupanda. Miili yao ilipunguza ile inayojitengenezea. Uchunguzi wa vinasaba wa Wamasai wa Kenya nao umeonyesha alama za uchaguzi wa asili kwenye maeneo yanayohusu kumeng'enya maziwa na kuchakata kolesteroli.

Kwa hiyo upo uwezekano wa kweli kwamba wafugaji wamerithi kinga fulani. Lakini anayeitaja kinga hiyo mezani Njiro, akiwa ameshinda ofisini na kurudi nyumbani kwa gari, amechukua nyama akaacha kilomita. Na kama hakuzaliwa katika ukoo huo, hata vinasaba vyenyewe hana. Mmasai aliyehamia mjini akawa mlinzi, anayekaa usiku kucha na kula chipsi na soda, naye hatuna haki ya kumwambia kwamba asili yake inamlinda.

Liko pia jambo ambalo kwa Waafrika lingepaswa kujulikana zaidi, nalo ni chembe iitwayo lipoprotini(a). Iligunduliwa na Kåre Berg wa Norway mwaka 1963. Inafanana na LDL iliyoongezewa mkia wa protini, na kiwango chake karibu chote huamuliwa na jeni moja, LPA. Watu wa asili ya Afrika kwa wastani wana kiwango mara mbili hadi tatu ya Wazungu. Kuanzia miligramu 50 kwa desilita, au nanomoli 125 kwa lita, huhesabiwa kuwa hatari. Chakula hakiishushi kwa maana yoyote, wala vidonge vya kawaida vya kolesteroli. Si kila maabara inayo, ila hupimwa mara moja tu maishani, na ndiyo ya kushukiwa pale ukoo una vifo vya mapema vya moyo huku LDL za ndugu zikiwa za kawaida. Ikikutwa juu, kinachobaki ni kubana mengine yote: LDL, presha, sukari, sigara.

Kubana huko kuna faida hata kwa aliyerithi vibaya. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, uliohusisha zaidi ya watu 55,000, ulionyesha kwamba wenye vinasaba vya hatari kubwa waliotimiza angalau matatu kati ya mambo manne, yaani kutovuta sigara, kutokuwa wanene kupita kiasi, kufanya mazoezi na kula vizuri, hatari yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 46 ukilinganisha na wenye vinasaba hivyohivyo na mwenendo mbaya.

Desemba, ndugu wakiwa nyumbani

Wachaga hurudi nyumbani Desemba. Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, barabara zinajaa, na vikao vya ukoo hukaliwa. Hakuna mradi wa afya unaoweza kuwakusanya watu wenye damu moja, kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, kwa urahisi huo. Kikao kinachojadili mipaka ya kihamba (shamba la ukoo) na michango ya harusi kina uwezo wa kutumia saa moja kuandika orodha ya moyo.

Orodha iwe na mambo manne kwa kila ndugu: jina, uhusiano, umri alipougua au kufariki, na jinsi ilivyotokea. Kinachotafutwa ni mshtuko wa moyo au kifo cha ghafla kwa mwanamume kabla ya miaka 55, au kwa mwanamke kabla ya miaka 65. Baba, mama, kaka, dada na watoto wana uzito mkubwa zaidi; wajomba, mashangazi, baba wadogo na mababu hufuata. Kiharusi kiandikwe kando, kwa kuwa kwetu mara nyingi chanzo chake ni presha. Vifo vilivyosemwa ni vya sumu au kurogwa viandikwe pia, bila kubishana na wazee: "alikula jioni, akalalamika kifua kinabana, asubuhi hakuamka" ni maelezo yenye maana kwa daktari hata kama msimulizi ana imani nyingine.

Umri ndio unaosumbua. Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe. Uliza kwa matukio: alikuwa ameoa wakati wa Uhuru mwaka 1961? Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya Azimio la Arusha la 1967 au baada? Alikuwa bado hai vita vya Kagera? Kosa la miaka mitatu au minne halina shida. Kinachotakiwa ni kutofautisha aliyekufa na 48 na aliyekufa na 72, kwa sababu wa 72 hasemi mengi kuhusu urithi.

Familia zenye wake wengi zinahitaji uangalifu wa pekee. Watoto wa baba mmoja na mama tofauti hushirikiana robo ya vinasaba, ila kama baba ndiye aliyebeba jeni mbovu ya LDLR, kila mtoto wake, wa mke yeyote, ana nafasi ya nusu kwa nusu. Nyumba ya mke mdogo isiachwe nje ya orodha kwa sababu za ugomvi.

Ukoo ukiwa na vifo vya namna hiyo, kinachofuata ni kipimo, na hapa makosa ni mengi. Kutobolewa kidole na kuambiwa kolesteroli ya jumla hakutoshi. Omba kipimo kamili kinachotoa jumla, HDL (aina nyingine ya kolesteroli), trigliseridi (mafuta mengine ya damu) na LDL. Kwa mara ya kwanza si lazima ukae na njaa. Angalia kizio: baadhi ya maabara huandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na mtu akilinganisha majibu ya Arusha na ya Dar bila kuangalia huingiwa na hofu bure. Miligramu za kolesteroli ukizigawa kwa 38.7 unapata milimoli.

LDL mara nyingi haipimwi moja kwa moja, inakokotolewa: jumla toa HDL, kisha toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Tuseme jumla ni 7.8, HDL 1.2, trigliseridi 1.5. Trigliseridi gawa kwa 2.2 ni 0.7. Kwa hiyo LDL ni 5.9. Trigliseridi ikizidi 4.5 hesabu hiyo haifai tena, na kipimo kirudiwe mtu akiwa hajala. Mtu mzima mwenye LDL ya 4.9 au zaidi ashukiwe kuwa na ugonjwa wa kurithi, hasa akiwa na ndugu kwenye ile orodha. HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, isimpumbaze mtu. Uchunguzi wa mwaka 2012 uliowalinganisha watu waliozaliwa na HDL ya juu kwa sababu ya jeni moja haukukuta kwamba wamekingwa na mshtuko wa moyo.

Kabla ya kulaumu ukoo, ziondolewe sababu nyingine za LDL kupanda: tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, figo zinazovujisha protini, manjano ya nyongo kuziba, ujauzito. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi, hasa zenye ritonavir, huvuruga mafuta ya damu. Na kinyume chake, ugonjwa mkali hushusha LDL. Mtu aliyepata mshtuko wa moyo apimwe ndani ya saa 24 za kwanza. Akipimwa siku ya tano ataonekana mzima, na familia nzima itaambiwa hakuna tatizo.

LDL ikishathibitishwa kuwa ya kurithi, chakula peke yake hakitoshi. Kuacha mafuta ya kuganda, ngozi ya kuku na kitimoto chenye mafuta ni sahihi, lakini kwa mgonjwa wa aina hii hupunguza asilimia 10 hadi 15 hivi, na LDL ya 5.9 inahitaji kushuka kwa nusu au zaidi. Mlonge na kitunguu saumu haviwezi kazi hiyo. Kidonge cha kushusha kolesteroli, atorvastatini, miligramu 40 hadi 80 kwa siku huiweza, kwa takriban nusu. Kuanza na miligramu 10 kisha kupandisha kidogo kidogo kwa miaka ni kupoteza muda, kwani kila ukizidisha dozi mara mbili unapata nyongeza ya asilimia 6 tu. Simvastatini, dawa ya jamii hiyohiyo, isichanganywe na ritonavir wala antibiotiki iitwayo klarithromaisini, misuli inaweza kuharibika. Mwanamke anayepanga mimba azungumze na daktari kwanza. Tatizo kubwa kuliko yote ni kuacha dawa baada ya miezi mitatu kwa sababu "kolesteroli imeshuka". Imeshuka kwa sababu ya dawa, jeni haikubadilika.

Vinasaba hugusa hata dawa ya kuzuia damu kuganda, klopidogreli, wanayopewa wengi baada ya mshtuko. Ini lazima liibadilishe kwanza kwa kimeng'enya CYP2C19, na kati ya robo na theluthi ya Waafrika wana angalau nakala moja dhaifu ya jeni yake. Mgonjwa anayeimeza bila kukosa na bado akapata tatizo tena, daktari alifikirie hilo kabla ya kumshutumu kwamba hamezi.

Na kwa wenye orodha nzito, maumivu ya kifua yasisubiri. Utafiti uliofanyika kwenye idara ya dharura mjini Moshi, kwa watu wazima waliofika na maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, ulikuta zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la ghafla la mishipa ya moyo. Nyumbani jambo hili huitwa kichomi, kiungulia au vidonda vya tumbo. Mwenye kisukari anaweza asipate maumivu kabisa, akatokwa jasho na kukosa pumzi tu. Aspirini miligramu 300 itafunwe, isimezwe nzima, kama mtu hana mzio nayo wala hatoki damu. Hospitali ifanye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10. Troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia, ikiwa ya kawaida mara ya kwanza irudiwe baada ya saa 3, kwani mapema mno haionekani. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hufaa zaidi saa 2 au 3 za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake karibu haipo. Mwambie daktari mlangoni: "Baba alikufa ghafla na miaka 47." Sentensi hiyo inambadilishia daktari mpangilio wa mashaka.

Akipatikana mmoja mwenye LDL ya kurithi, apewe nakala ya majibu yake aipeleke kwa ndugu, nao wapimwe kwa mfuatano: wazazi, kaka na dada, watoto. Karibu nusu watakutwa nayo, na watakaokutwa wataanzisha mfuatano mwingine kwa watoto wao. Mtoto apimwe kati ya miaka 5 na 10. Akiwa na LDL ya 4.0 au zaidi, na mzazi ameshathibitishwa, arudiwe kupimwa, apelekwe kwa daktari wa watoto, na dawa kwa kawaida huanzwa akiwa na miaka 8 hadi 10, kwa dozi ndogo, uzito na urefu wake ukifuatiliwa kama wa mtoto mwingine yeyote.